Leso Kwenye Swichi

Wairimu alinitambua kabla sijamtambua. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la kliniki ya magoti, kule hospitali kubwa ya Upper Hill, nikimkemea mjukuu wangu Mutheu kwa sababu ya simu yake, nikasikia mtu anaita kutoka foleni ya kliniki ya jirani: "Nduku! Nduku wa chekeche!" Jina hilo sikuwa nimelisikia tangu nilipokuwa msichana. Nikageuka. Mwanamke mfupi, mnene, wa sweta ya kijani, alikuwa anakuja akisukuma watu kwa kiwiko, na kabla sijaona uso niliona mkono wake wa kushoto. Ulikuwa na vidole viwili tu, gumba na kile kidogo.  Yeye alinikumbatia, akanipigapiga mgongoni kwa mkono huohuo, kisha akamwita binti yake aliyekuwa nyuma amebeba faili. "Njoki, kuja umsalimie huyu. Huyu ndiye Nduku nimekuwa nikiwaambia. Huyu ndiye alizima ile mashine. Kama si yeye ingenila mpaka begani." Njoki akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo. "Asante sana, mama. Tumekua tukisikia jina lako." Mutheu naye akaniangalia kwa fahari, kama anaona nyanya mpya. Na mimi ninayejulikana kila mahali kwa mdomo, mimi niliyelea watoto watano peke yangu na kuona wajukuu tisa wakisoma, nikasema tu, "Haya, haya, ni Mungu."

Nikamwuliza yeye ameletwa na nini. "Kichwa," akasema akicheka. "Hawa watoto wanasema nimeanza kupotea. Eti nilisahau sufuria ya maharagwe kwa moto nikaenda soko, majirani wakaita zimamoto." Njoki akasema, "Hakuna mtu aliita zimamoto, mum." "Basi waliita pasta, ni mamoja. Sasa wanataka nihame Kangemi nikaishi kwake Ruaka. Nikae kwa kiti kama mgeni, nibebewe chai. Duka langu la nafaka lifungwe." Nikamwuliza kama amekubali. Akanyanyua mabega. "Nitabishana nao na nini? Mimi kichwa hakijawahi kushika, tangu zamani. Si hata ile siku nilipanda kwa chekeche bila kufunga leso? Mtu akisahau kitu kama hiyo akiwa msichana, akizeeka atakuwa aje? Mwambie, Nduku. Wewe ulikuwa hapo. Si nilisahau?"

Njoki alinitazama akingoja. Mutheu alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Niandike hivyo hivyo bila kupamba: nilikuwa mtu mzima wa nywele nyeupe, hakuna mtu wa kunifukuza kazi, hakuna polisi wa kuniogopesha, na bado niliitikia kwa kichwa.

Mwaka ule tulikuwa wanawake tisa katika yadi ya mchanga chini ya Kangemi, pale ardhi inapoteremka kwenda mtoni. Malori yalileta mchanga wa mto kutoka kwetu Ukambani, umechanganyika na mawe, mizizi, mifupa ya mbuzi na ndara za watu. Wajenzi wa Westlands hawakutaka ndara ndani ya ukuta, kwa hivyo lazima uchekechwe. Wale waliotutangulia walisimamisha wavu wa waya kwa miti miwili wakaurushia mchanga kwa sepetu, na lori moja lilikula siku nzima na mgongo mzima. Halafu mwenye yadi akaleta mashine. Fikiria kitanda cha chuma kirefu kuliko chumba, kimeinamishwa upande mmoja, kimekaa juu ya springi nene kama paja langu. Mahali pa godoro pana nyavu mbili, moja juu ya nyingine, ya juu ina matundu makubwa, ya chini matundu madogo. Ubavuni kuna mota, nayo inazungusha chuma kilichofungwa mzigo upande mmoja tu, na kwa vile uzito hauko sawa kitanda chote kinatetemeka kama mtu mwenye malaria. Ukimwaga mchanga juu, mawe makubwa yanacheza yakishuka mpaka yanaanguka mbele, kokoto zinabaki kwenye wavu wa pili, na mchanga safi unanyesha chini, laini, unaweza kuulalia. Niliipenda ile mashine, sitakataa. Mpaka leo nikipita Westlands nawaambia wajukuu, mnaona hilo ghorofa, mchanga wake umepita mbele ya macho yangu. Wao hucheka. Nami husema hivyo kwa sauti kubwa ili nisiulizwe mengine.

Mimi na Wairimu tulikaa chumba kimoja cha mabati, kitanda kimoja, jiko moja, pazia la maua lililofunika nguo zetu msumarini. Jioni mikono yetu ilikuwa bado inatetemeka. Ukiweka kikombe mdomoni kinagonga meno. Wairimu alicheka akasema, "Siku moja mtu ataniposa, kichwa kitatingishika kama nakataa, kumbe ni chekeche tu." Yeye alipika githeri ya kwao, mahindi na maganda yake pamoja na maharagwe, mimi muthokoi wa kwetu wa mahindi yaliyokobolewa, na kila mmoja alidharau sufuria ya mwenzake huku akiifuta kwa kijiko. "Nyinyi Wakamba mnakoboa mahindi mpaka mnayatoa roho," alisema. "Na nyinyi mnayala na koti," nikamjibu. Upande wa pili wa mabati kulikuwa na askari wa benki na mkewe, na hatukuhitaji redio. "Chumvi umeweka mara mbili!" "Basi kula nusu." Wairimu alijifunika uso kwa blanketi asisikike akicheka. Alikuwa na masikio makali kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu pale kazini masikio yake ndiyo yalitulisha. Mchanga ukiwa na unyevu hujaza matundu, na mawe madogo hukwama kwenye waya kama chakula katikati ya meno. Sisi wengine tulijua mashine imeziba tukiona mchanga hauanguki. Wairimu alisikia. Alikuwa anapiga hadithi, anakatiza katikati, anainua kidole: "Imebadilisha sauti. Zima." Tukizima tukipanda, kweli, wavu umeziba pembeni. Hakukosea hata mara moja. Yeye ndiye aliyepanda mara nyingi, na kipande cha nondo na nyundo ndogo, kuchomoa mawe moja moja.

Swichi ilikuwa sanduku la chuma kwenye nguzo, nyuma ya lundo la mchanga. Aliyesimama pale hakuona juu ya wavu. Kwa hivyo tulikuwa na sheria yetu, haikuandikwa popote, waliianzisha wanawake wenyewe: anayepanda anafungua leso yake kiunoni, anaifunga kwenye mpini wa swichi. Mpini wenye leso hauguswi. Nyapara mwenyewe, Mzee Kilonzo, hakuthubutu. Na leso haifunguliwi na mtu mwingine ila mwenyewe, akishashuka. Kila mmoja alikuwa na yake na tulizijua kama tunavyojuana sura. Ya Wairimu ilikuwa ya manjano yenye michoro ya korosho nyeusi. Ukiiona pale, hata ukiwa umelewa usingizi, unajua Wairimu yuko juu.

Halafu dada wa mwenzetu mmoja akaolewa. Tukasema hatuwezi kwenda kama watu waliookotwa, lazima sare. Tukanunua leso tisa, nyekundu, za alama moja, tukaenda harusi tumependeza mpaka watu wa bwana harusi wakauliza sisi ni kwaya ya kanisa gani. Harusi ikaisha. Unadhani leso mpya nzuri itakaa sandukuni ukimwonea haya nani? Wiki mbili baadaye sote tulizivaa kazini. Wanawake tisa, leso tisa, zote nyekundu, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama mbele ya ile swichi akafikiri. Nimejiuliza mara nyingi jinsi watu tisa wenye akili wanavyoweza kuwa wajinga pamoja. Mutheu, anayesomea uinjinia, aliniambia viwandani siku hizi kila fundi ana kufuli lake lenye jina, na analifunga kwenye swichi kabla ya kuingiza mkono popote. Alinieleza kama anafundisha mtoto. Mimi nikaenda chooni nikakaa huko mpaka akaacha kuniita.

Mwezi huo Mzee Kilonzo alikuwa amenifanya mimi mwenye swichi. Sikusoma zaidi ya darasa la nne, na hapo nikapewa kazi ya kuagiza wengine. Niliringa. Nilitembea pale yadini kama nimenunua shamba. Mwenye yadi alikuja mara moja, akatukusanya, akasema atakayewasha mashine mtu akiwa juu atajieleza kwa polisi, si kwake. Nami niliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Ilikuwa wakati wa baridi, ule wa Julai ambapo Kangemi hukaa ndani ya wingu mpaka saa sita. Asubuhi nilipanda mimi mwenyewe kumwonyesha mwenzetu mmoja kazi ya juu, nikafunga leso yangu, nikashuka. Baridi ilinishika mgongo, nikaifungua leso nikajifunga tumboni, chini ya gunia tulilovaa kama eproni. Nikasahau. Mimi ndiye niliyesahau. Saa nne hivi, mashine imezimwa tukingoja mzigo na mimi nimeondoka kwenye swichi, lori likarudi nyuma kumwaga, injini inanguruma, dereva anapiga honi, Mzee Kilonzo anapiga kelele kutoka getini, "Nduku! Washa! Umelala?" Nikakimbia kwenye swichi. Leso nyekundu iko kwenye mpini. Nikasema moyoni, ah, yangu, tangu asubuhi nimeiacha hapa kama mjinga, na sasa wananiona. Nilikuwa na aibu. Nikaifungua haraka. Ilikuwa imefungwa mafundo mawili, ncha zimeingizwa ndani. Mimi sifungi hivyo. Vidole vyangu vilijua, mimi mwenyewe sikungoja. Nikapandisha mpini.

Sitaandika ile sauti. Nilishusha mpini papo hapo, hilo ni kweli, na hilo ndilo watu walijua. Waliisikia mashine ikizimwa. Walimteremsha Wairimu, mkono wake ulikuwa umeingia katikati ya nyavu mbili akichomoa jiwe, na mtu akaufunga kwa gunia. Mimi nilibaki nimesimama na leso mkononi. Nikapeleka mkono mwingine kiunoni nikapapasa chini ya gunia, nikaikuta yangu. Nilikuwa na leso mbili. Hapo ndipo nilijua, na hapo ndipo niliingiza ya Wairimu chini ya gunia pamoja na yangu, kabla Mzee Kilonzo hajafika nyuma ya lundo.

"Nani alikuwa kwa swichi?"

"Mimi."

"Leso ilikuwa hapo?"

Wanawake wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Hakukuwa na leso."

Mmoja akasema, "Wairimu? Hakufunga? Wairimu?"  Mzee Kilonzo akavua kofia, akasema, "Yule msichana huwa na hadithi nyingi sana." Ikaisha hivyo. Watu waliniambia pole. Mmoja aliniletea maji ya sukari.

Jioni nikiwa peke yangu chumbani niliwasha jiko nichemshe chai ya rangi. Nikaiweka leso yake juu ya makaa. Ilikuwa mpya, haikushika haraka, ilitoa moshi mwingi mpaka mke wa askari akagonga mabati. "Unapika nini huko, Nduku?" "Kitambaa kimeanguka," nikasema. Chai nikainywa. Ndivyo mtu alivyo: nilikunywa chai iliyochemka kwa leso ya rafiki yangu, na nilikuwa na njaa, nikala na mkate.

Alirudi baada ya wiki kadhaa, mkono umefungwa mkubwa kama kichwa cha mtoto. Mwenye yadi alikuwa ameshasema aliyejiumiza kwa uzembe wake hana la kudai wala kazi ya kurudia. Kitu cha kwanza Wairimu aliniuliza, hata hajakaa, ni, "Nduku, mimi nilifunga leso." Nikasema, "Labda ulitaka kufunga." "Nakumbuka mpini ulikuwa baridi." "Hiyo ni siku nyingine." Akaangalia nguo zetu msumarini. "Basi leso yangu iko wapi?" Nikasema, "Si ulikuwa umejifunga ukienda hospitali? Imebaki huko." Akakaa kitandani, akaanza kulia polepole, si kwa vidole, bali kwa sababu alikuwa anaitafuta ile asubuhi kichwani na kila akiishika namnyang'anya. Nikafungua leso yangu, nikamfunika mabegani. "Chukua yangu," nikasema. Alinishukuru. Nilimpikia githeri, nikamlisha kwa mkono wangu, nikamsuka nywele. Na kutoka upande wa pili wa mabati tulimsikia askari akimwambia mkewe, bila hata kupunguza sauti, "Ni yule alisahau kufunga. Watu wengine si wa kupewa mashine." Tulikuwa tumelala ubavu kwa ubavu. Hakucheka wala kujifunika blanketi. Akasema tu, "Wanasema kweli." Kufika mwisho wa mwaka alikuwa anajiandikia kila kitu kwenye karatasi: zima jiko, funga mlango, chumvi imeisha. Msichana aliyesikia wavu ukiziba kabla ya mtu yeyote kuona. Januari alihamia kwa shangazi yake, nami nikabaki na swichi miaka mingine sita.

Baada ya ile kliniki ya Upper Hill nilikaa siku nne bila kula vizuri. Mutheu alidhani ni dawa za goti. Nilikuwa nasikia lile neno la Wairimu: nitabishana nao na nini? Sisemi hasahau. Sote tunasahau, mimi nimewahi kutafuta miwani nikiwa nimeivaa. Lakini yeye alikuwa anaacha nyumba yake na duka lake kwa ushahidi wangu. Mutheu alikuwa amechukua namba ya Njoki pale kliniki; Jumapili nikamwambia anipeleke Kangemi.

Tulikuta mapazia yameshushwa na masanduku yamepangwa mlangoni. Njoki alikuwa anafunga vyombo kwa magazeti. Wairimu akafurahi, akatukalisha, akatumiminia chai ya maziwa, akaleta chapati. Nikashika kikombe, nikasema nikiwa bado na nguvu, "Wairimu, ulifunga."

"Nilifunga nini?"

"Leso. Ulifunga. Mimi nilifungua nikidhani ni yangu. Halafu nikasema hakukuwa na leso."

Njoki akaacha sahani. Mutheu alikuwa karibu yangu, nikahisi anajisogeza, kidogo tu. Wairimu hakupiga kelele. Aliuliza, "Ilikuwa imefungwa aje?"

"Mafundo mawili. Ncha zimeingizwa ndani."

"Ndivyo mimi hufunga." Akatazama mkono wake, si kwa huzuni, bali kama mtu anayekagua kazi ya fundi. "Na mpini ulikuwa baridi."

"Ulikuwa baridi."

"Njoki, weka hiyo chini. Keti. Nduku, rudia."

Nikarudia. Akasema, "Rudia tena, polepole, msichana wangu asikie." Nikarudia mara ya tatu, na mara hii nikaweka na jiko, na moshi, na chai.  Njoki alisema, "Mum, imetosha," naye akamwambia, "Haijatosha. Wewe ulikuwa unaniambia nini juzi? Kwamba mimi nimekuwa hivi tangu zamani. Sikia vizuri nilikuwa aje tangu zamani." Kisha akanigeukia. "Nilipokuuliza leso iko wapi, ulikuwa umeshaichoma?"

"Ndiyo."

"Na ukanifunika yako."

"Ndiyo."

"Nilimzika mama yangu nimejifunga hiyo leso."

 Nikaweka kikombe mezani niinuke. Akasema, "Hapana. Kwangu mtu haondoki na chai kwa kikombe. Maliza. Ukimaliza, utoke." Basi nikanywa. Ilikuwa ya moto na kikombe kilikuwa kikubwa, na watu watatu walinitazama nikinywa mpaka mwisho. Kwenye ngazi Mutheu alitangulia. Siku zote hunishika mkono kwa sababu ya magoti. Siku hiyo alinisubiri chini.

Njoki alimwambia Mutheu kwamba mama yake aliyafungua masanduku mwenyewe, moja baada ya jingine, na hataki kusikia habari za Ruaka. Wamekubaliana jirani awe anapita jioni kuangalia moto. Mutheu amerudi kuongea na mimi, ila ananipima kila ninapoanza hadithi, na siwezi kumlaumu. Juzi nikaona siwezi kukaa hivi, nikampigia Wairimu simu mchana, saa ambayo yuko dukani. Nilisikia soko nyuma yake, na mtu akiuliza kama maharagwe ni mapya.

"Ni nani?"

"Ni Nduku." Nikasikia mizani ikiwekwa chini. Nikaogopa, nikaongeza kama mjinga, "Sijui kama unanikumbuka."

"Nakukumbuka," akasema. "Nakumbuka kila kitu." Akakata, akarudi kwa mteja wake.